Miti Yangu na Maji ya Mama

Nilikuwa na miaka kumi na mitano nilipotakiwa kuchagua kati ya umeme na masomo yangu, na mara ya kwanza nilichagua masomo bila hata kupepesa jicho. Nasema mapema, maana siku hizi watu wakinisikia nikizungumzia nishati mikutanoni hudhani nilizaliwa na busara. Nilizaliwa na kiburi tu.

Tulikaa upande wa Vuhovi. Mama alikuwa muuguzi wa kituo kidogo cha afya, na kitu cha thamani pale kilikuwa frigo moja ya chanjo. Ilitumia kimoto kidogo cha petrole, mafuta yale yale ya taa, na mpaka leo sijaacha kushangaa kwamba moto unaweza kuzaa baridi. Vita vilipopamba moto na barabara ya Kasindi, ya kutoka mpakani, ikafungwa, petrole ikaadimika. Mjomba wangu wa Beni alitutumia bidon moja, dumu lililoshuka na ndege kwenye uwanja wa Mavivi, tukaitumia kwa kubana mpaka tone la mwisho.

Basi Jumapili moja, baada ya misa, watu wakakaa kutafuta njia. Frigo ile iliweza pia kutumia umeme, na kituo kilikuwa na groupe, jenereta ya mazout, yaani dizeli, lakini mazout nayo ilipita Kasindi ile ile. "Groupe inakunywa kupita shemeji yangu," akasema katekista, na shemeji mwenyewe alikuwa ameketi hapo hapo, akacheka kuliko wote. Mwingine akataja plaque za umeme wa jua. Mwalimu akakumbusha kwamba shule moja ya jirani ilikuwa na mbili juu ya paa, askari wakazishusha mchana kweupe. Makala, yaani mkaa, yalikuwepo tele, ila makala huivisha maharage, hayapozi dawa. Ndipo baba, ambaye alikuwa fundi wa magari, akasema, "Mais mayi, basoda habawezi kuibeba ku mugongo."

Alimaanisha maji ya kijito chetu. Tukafanya salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, wiki tatu. Wanaume walichimba mfereji, sisi tukabeba mawe. Baba aling'oa kwenye groupe ile sehemu inayozaa umeme, akaifunga kwenye gurudumu alilolichomelea kwa mabati ya pipa. Siku maji yalipolizungusha na taa ya frigo ikawaka, mama alicheka mpaka akakaa chini. Tukajiona werevu. Kumbe tulikuwa tumepima maji mwezi wa kumi na moja, mvua ikinyesha kila siku. Ulipofika mwezi wa saba, kijito kilikuwa cha kurukwa na kuku, na gurudumu likasimama.

Sababu kila mtu aliijua, ila hakuna aliyetaka kuitamka mbele ya baba. Kwetu mzazi humpandia mtoto miti ya kalitusi, na baba alinipandia yangu nilipopokea komunyo ya kwanza. Aliipanda kwenye kinamasi ambako kijito kinaanzia, akifurahi kwamba pale itakua upesi. Ilikua upesi kweli, na ilikunywa chemchemi yote. Miti ile ndiyo ilikuwa masomo yangu. Baada ya miaka minne hivi ingepasuliwa mbao, nami ningeenda kusomea uuguzi Butembo. Ikikatwa sasa, ilikuwa kuni tu. Na mti uliopandwa kwa ajili ya mtoto haukatwi bila yeye kukubali. Watu wa kituo walipokuja kuomba, baba akaninyooshea kidole.

"Miti ni ya mutoto. Mumuulize yeye."

"Minasema hapana," nikajibu. "Mutafute kwengine."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akageuka kurudi jikoni, na hilo ndilo lililoniudhi. Nilitaka anigombeze nipate sababu ya kununa.

Tangu wiki ile, kila Alhamisi mama alitembea mpaka Butembo kuchukua chanjo za siku moja katika sanduku la barafu, kisha akarudi kwa miguu. Magari hayakuwa yakienda. Njiani kulikuwa na kizuizi cha askari. Wa upande gani, ilitegemea wiki. Nilihesabu miti yangu mmoja mmoja na kujiambia kwamba mama ana miguu mizuri.

Alhamisi moja alichelewa. Alipoingia uani alikuwa peku. Akaweka sanduku mezani.

"Kule kizuizini balifikiri ni bière, pombe," akasema. "Balifungua yote, bakaacha mu jua. Kisha bakakasirika."

"Na weye, Mama, balikufanya nini?"

"Habakunifanya kitu. Balikamata viatu." Akagusa vichupa kwa mgongo wa mkono. "Dawa imekufa. Donc nilitembea bure. Kesho bamama batakuja na batoto, nitabaambia nini?"

Akaenda kunawa miguu. Ilikuwa imevimba na nyayo zimechanika. Niliona haya. Nikamfuata baba kwenye gereji yake.

"Papa, tukate."

"Ngapi?"

"Yote."

"Na masomo?"

"Sijui."

Ilianguka yote kwa siku mbili. Lakini kalitusi haufi kwa shoka. Kisiki chake huchipua, na ndiyo sababu tunaupenda. Kung'oa visiki kwenye tope kulitushinda, kwa hiyo mtu alitakiwa kuvunja machipukizi kila wiki mpaka mizizi ichoke. Miti ilikuwa yangu, na kazi ikawa yangu. Kusema ndiyo mara moja, miguu ya mama ikiwa imevimba mbele yangu, kulikuwa rahisi. Kigumu kilikuwa zile Jumamosi zilizofuata, miguu imekwisha kupona. Ndiyo maana siku hizi watu wakibishana jua, maji au makala, mimi huuliza nguvu hiyo inakunywa kitu cha nani, na kama huyo mtu atakubali tena wiki ijayo.

Mwezi wa saba uliofuata gurudumu lilizunguka, polepole, na mama hakwenda tena kizuizini. Nami nikaanza kudanganya. Niliacha machipukizi matatu nyuma ya matete, nikisema moyoni kwamba matatu si kitu. Yalikuwa yamenifika kiunoni Jumamosi mama aliponifuata kule juu bila kuniambia. Aliyaona. Akayashika majani, akayanusa.

"Hii uache," akasema. "Tatu haitamaliza mayi."

Angenigombeza ningeyaacha. Niliyavunja yote matatu mbele yake, nikilia kwa sauti kama mtoto mdogo, naye akanisubiri mpaka nikamaliza.