Daftari la Wageni la Ibighi

Kwa miaka kumi na minne Anyosisye alikuwa balozi wa nyumba kumi pale Ibighi, na hakuna mgeni aliyelala kwenye nyumba zake bila kuandikwa. Hata mkwewe alimwandika. Watu walimcheka, lakini waliandikisha, maana mjane huyo alikuwa na mdomo, na aliyekwepa aliukuta mlangoni kwake kabla hajanywa chai.

Mwaka tisini na mbili, vyama vingi viliporuhusiwa, Sophia wa dukani alikuja kuandikisha wageni wawili wa mumewe, Khalidi, kutoka Mbeya. Anyosisye akauliza wamefuata nini. Sophia, mtu asiyejua kuficha, akasema wanazungumzia chama kipya. Hilo nalo likaandikwa, na mwisho wa mwezi nakala ikapelekwa juu kama kawaida.

Wiki mbili baadaye, mchana kweupe, wakaja wanaume wawili wa usalama na Landrova, wakamchukua Khalidi. Anyosisye akawazibia njia na daftari lake.

"Mnaondoka na mtu wangu. Andikeni majina."

Wakacheka. Mmoja akaandika, akatia na sahihi. Pengine alidhani madaftari ya mabalozi huishia kuwashia moto.

Siku tano zikapita. Polisi walimwambia Sophia hawana mtu huyo. Anyosisye akavaa gauni lake la kanisani, akaenda kwa ofisa mmoja wa serikali pale mjini. Ofisa naye akasema hakuna watu wa usalama waliofika Tukuyu. Mama akafungua ukurasa, akaweka kidole.

Ofisa akasoma, akakohoa. "Mama, niachie hili daftari."

"Daftari haliachwi, mwanangu. Nakili hapa hapa, mimi nasubiri."

Akanakili. Kisha akavuta faili ili achomeke karatasi yake, na humo ndani Anyosisye akaona mwandiko anaoujua, wake mwenyewe: wageni wawili, Mbeya, chama kipya. Alirudi nyumbani kwa miguu. Aibu ilimkaba hata salamu za watu njiani hakuzisikia.

Keshokutwa yake Khalidi alishushwa barabarani pale Kyimo, akarudi amekonda, shavu limevimba. Hakuna aliyeulizwa kuhusu lile shavu, si wakati ule wala baadaye. Mtaa mzima ulimsifu Anyosisye. Sophia alimletea kilo mbili za sukari, akazikataa bila kueleza sababu.

Jumatatu alikwenda dukani, akamkuta Khalidi peke yake.

"Khalidi mwanangu, ni mimi niliyekuandika. Nimekuja kukwambia kwa mdomo wangu, na Sophia nitamwambia."

"Najua, mama. Walinisomea neno kwa neno." Khalidi alichungulia uani, ambako mkewe alikuwa anafua huku akiimba, kisha akashusha sauti. "Mimi nimeshakusamehe. Ila Sophia usimwambie. Yale maneno ni yake, na hajui."