Vitabu vya Risper Visivyokatwa

Karatasi yoyote iliyofika mkononi mwa Risper ilikunjwa mara tatu. Iwe risiti ya duka, iwe ganda la biskuti, aliikunja katikati, tena katikati, tena, kisha akapitisha ukucha wa dole gumba juu ya mkunjo mpaka ukalia. Maryann aliusikia ukucha huo kwa mara ya kwanza ndani ya ndege ya kwenda Riyadh, mwaka 2014. Yeye alikuwa muuguzi mwenye mkataba wa hospitali. Risper, kwenye kiti cha dirishani kando yake, alikuwa anakwenda kufanya kazi za ndani.

"Sista, usinitazame hivyo," Risper alisema. "Nimejalidi vitabu miaka kumi na mmoja, pale Nairobi. Mashine ya kukunja ikaletwa, mimi nikafukuzwa. Huu mkono bado haujapata habari."

Nyumba aliyopelekwa ilikuwa Al-Murabba, mtaa wa Riyadh. Baba wa nyumba, mzee aliyefiwa na mkewe, alikuwa mwalimu mstaafu wa chuo, na alikuwa na kabati la vitabu vidogo vilivyochapishwa Italia yapata miaka mia tano iliyopita. Siku moja alimkuta Risper ameshika kimoja, kitambaa cha vumbi begani, akihesabu karatasi zake kwa kidole. Badala ya kufoka, akavuta kiti. Akamweleza, kwa Kiingereza cha polepole, kwamba zamani vitabu vingi vilikaa mezani, vizito kama mawe, na msomaji ndiye aliyevifuata. Kisha wachapaji wa Venisi wakaikunja karatasi kubwa mara tatu, wakapanga herufi nyembamba zilizoinama, na kitabu kikaingia mfukoni. Kikapanda farasi na kuvuka mipaka. Kikalala chini ya mto wa mtu ambaye hakuruhusiwa kukisoma.

Kimojawapo kilikuwa na kurasa ambazo mikunjo yake haijawahi kukatwa. Zilishikana kama vifuko, na maneno yakiwa ndani.

"Miaka mia tano, sista," Risper alimsimulia Maryann. "Maneno yamekaa gizani yanamngoja mtu mwenye kisu."

Hakucheka alipolisema hilo, na yeye alikuwa mtu wa kucheka.

Hapo ndipo vilipoanzia vile vitabu vyake. Wanawake wenzake wa kazi za ndani walinyang'anywa simu siku ya kwanza, na vibali vyao vya ukaazi, ikama, vilikaa kwenye droo ya kafili, mwajiri aliyewadhamini. Lakini nani atanyang'anya kidaftari cha mapishi? Risper alimpa kila mmoja karatasi moja pana na kumwonyesha pa kuandika. Alijua, kabla ya kukunja, neno gani litaangukia wapi. Bamia na wali wa kapsa vilitokea kwenye kurasa za wazi. Jina la mwanamke, namba ya simu ya kwao, jina la kafili na yale aliyotendewa, hayo yaliingia kwenye kurasa zilizofungwa ndani ya mikunjo isiyokatwa. Akavishona kwa uzi wa vifungo. Hashim, dereva kutoka Lamu, akavibeba mfukoni mwa kanzu hadi Jeddah, ambako Maryann alikuwa amehamishiwa na kupanga chumba mtaa wa Kandara. Mara moja askari wa njiani alikifungua kimoja, akasoma bamia, akakirudisha.

Sharti lilikuwa moja. Mwenye kitabu akiwa anasikika, kwa simu ya kuazima au salamu za mtu, kitabu chake hakikatwi. Akikaa kimya mwezi mzima, Maryann akate, asome, apige simu.

Mwishoni mwa 2015, Selipher wa Busia alinyamaza. Siku ya thelathini na moja Maryann alikata kitabu chake kwa mkasi wa bandeji. Ndani alikuta namba ya simu ya Protus, kaka wa Selipher, na jina la kafili. Hashim aliulizia siku mbili. Selipher alikuwa chumba cha maiti Riyadh, hana jina, kwa siku ishirini.

"Angalau sasa ana jina," Risper alisema kwa simu ya nyumbani kwa mzee.

Maryann alijua ni upuuzi, lakini tangu siku hiyo aliuona ule mkasi wake wa bandeji kana kwamba ndio uliomuua.

Februari iliyofuata Risper alipiga simu. Siku tatu baadaye Hashim alileta kitabu cha Risper mwenyewe. Kisha kimya. Machi ikapita.

"Sista, mwezi umeisha," Hashim alisema. "Kata."

"Bado. Labda simu imeharibika."

"Mbona Selipher ulimkatia asubuhi na mapema?"

"Selipher nilikuwa simjui."

Hashim alitikisa kichwa, akaondoka. Maryann alikirudisha kitabu kwenye mkebe. Mikunjo ikiwa mizima, alijiambia, Risper yuko mahali fulani, ukucha wake unalia juu ya karatasi. Usiku alikuwa akiusikia.

Ramadhani ilipoandama, mwezi Juni, ndipo alipokata. Mwandiko ulikuwa wa haraka. *Baba wa nyumba hatapona. Mwanawe wa Jeddah amesema atanichukua mimi. Al-Mahjar, nyumba ya kijani nyuma ya karakana ya matairi. Mtu huyo ananitisha. Ni karibu na kwako, sista. Njoo upesi.*

Kutoka Kandara hadi Al-Mahjar, teksi ilitumia dakika ishirini na tano.

"Mkenya?" mlinzi wa nyumba ya kijani alisema. "Mafi. Halas." Hayupo, amekwisha kuondoka. Alichukuliwa kwa gari wiki mbili zilizopita, wapi, hakuambiwa. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki. Takataka zake, alisema, zilikuwa chini ya godoro.

Zilikuwa lebo za chupa za maji, maganda ya biskuti, boksi la tishu. Zote zimekunjwa mara tatu. Mikunjo ilikuwa mikali kama ya mashine, na hakukuwa na neno lolote ndani. Hakuwa na kalamu.

Ubalozi uliandika jina lake. Maryann alirudi mara saba, kisha mkataba ukaisha, akarudi Kisii. Awino, binti wa Risper, bado humpigia kila Desemba kuuliza kama kuna neno. Hakuna. Mfuko uko kabatini, na kile kitabu kilichokatwa kiko juu yake.

Kinachomrudia Maryann zaidi ni ile simu ya Februari. Risper alipiga kutoka sebuleni, na watu wa familia walikuwa wamejaa, sauti zao zikisikika nyuma yake. Alisema Hashim yuko njiani na kitabu, na safari hii ni chake mwenyewe.

"Nitakitunza, dada," Maryann alimwambia, akidhani anamfariji. "Hicho hakitakatwa kamwe."

Risper akashusha sauti.

"Sista," akasema, "usiihurumie karatasi."