Isale la Kesho

Mwaka huo shule zilipofungwa mwezi wa sita nilijiapiza kwamba wanangu watapumzika. Hakuna tuisheni, hakuna kuamshwa alfajiri. Tungetoka mjini Shirimatunda tupande mlimani Mwika kwa mama yangu, wiki tatu nzima, tule, tulale, tuamke tukichoka kulala. Hivyo ndivyo nilivyotangaza. Lakini chini ya nguo, kwenye begi, nilificha ratiba niliyoichora kwa rula kwenye karatasi ya manila, maana mimi ni mtu wa kuogopa hata raha.

Ratiba haikumaliza siku mbili. Mama aliikuta mezani, akaisoma kwa heshima zote, kisha akaikata duara la kufunikia chungu cha maziwa mgando. Nilipolalamika akasema hata maziwa yanahitaji ratiba.

Basi wanangu, wa kiume wa miaka saba na dada yake wa miaka mitano, wakawa watu wa kihambani, lile shamba linaloizunguka nyumba. Asubuhi walikunywa uji karibu na moto kwa sababu ya baridi, kisha wakapotelea kwenye migomba na mibuni hadi njaa iwarudishe. Mimi nilibaki uani nikisikiliza. Wakipiga kelele nilishtuka, wakinyamaza nilishtuka zaidi. Kilichoninyima raha hasa ni mfongo, ule mfereji unaoshusha maji ya mlimani mpaka mashambani. Maji yenyewe hayamfiki mtu mzima magotini, lakini mtoto wa miaka mitano ana magoti yake. Nilimwambia mama. Akajibu kwamba hata mimi nilikulia humo humo, akachukua mundu akaenda kukata majani ya ng'ombe. Ikawa hivyo kila mchana: nikianza tu hofu zangu, huyo na mundu wake. Nilianza kumkasirikia.

Wiki ile ya kwanza watoto walichuma masale, yale majani marefu tunayoyapanda mipakani, wakayafanya tiketi za basi. Mama akawaketisha. Isale si la kuchezea, aliwaambia. Ukimkosea mtu unampelekea isale, naye akishaletewa hawezi kukataa kukusamehe. Alikusudia kuwafundisha heshima, ila mwanangu wa kiume alisikia kitu kingine kabisa. Kesho yake alivunja bakuli, akatokea na jani mkononi kabla hajaulizwa. Mama akacheka, akasamehe, angefanyaje? Tangu hapo kijana akawa na dawa ya kila kosa. Maziwa yamemwagika, isale. Kuku amefukuzwa kwenye mayai, isale. Mstari wa masale ulio karibu na nyumba ukabaki vijiti vitupu.

Alasiri moja ya wiki ya pili ukungu ulishuka mapema, nikagundua kwamba kwa muda mrefu sijasikia sauti yoyote. Niliita, kimya. Nikakimbia kuelekea mfongo. Kandambili ndogo ya pinki ya binti yangu ilikuwa imenasa kwenye jiwe, maji yakiipita juu. Sijui nilisimama pale muda gani, najua tu kwamba nilikuwa nimeshamzika mwanangu kichwani kabla ya kupiga hatua nyingine. Kisha nikasikia kicheko. Walikuwa juu kidogo ya pale, wamekaa ukingoni wote wawili, wanasukuma meli za maganda ya mgomba, wazima kabisa, wakinishangaa.

Niliwaburuta hadi nyumbani. Mama akaingia nyuma yetu na mzigo wa majani kichwani, na mimi, mbele ya watoto, nikamwambia neno ambalo hadi leo likinijia natamani kujifunika uso.

"Mama, wewe hujawahi kujua kuangalia watoto. Kesho tunashuka."

Alitua mzigo taratibu, kwa sababu ya goti lake bovu, akaingia zizini.

Nilikuwa natupia nguo kwenye begi mwanangu wa kiume aliposimama mlangoni akaniuliza kwa nini nimemgombeza bibi, wakati bibi alikuwepo. Nikamuuliza alikuwepo wapi.

"Pale juu, anakata majani. Kila siku anakata hapo hapo. Hukumwona kwa sababu ya ukungu."

Kandambili ilipochukuliwa na maji, akaniambia, bibi aliwakataza kuifuata, akasema waiache, ataitoa mwenyewe akimaliza kufunga mzigo.

Nikakaa kitandani. Majani ya ng'ombe yalikuwa yamejaa tele nyuma ya zizi, nilikuwa nayaona kila asubuhi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mtu mwenye goti bovu ayafuate mfongoni, tena saa zile zile watoto wanapocheza. Niliona aibu.

Nilitoka nje kutafuta isale. Nikapita kwenye mstari wote, kijiti kwa kijiti, halikubaki hata moja. Mwanangu alikuwa ananifuata. Alinitazama, akarudi ndani, akatoka na jani alilokuwa amelificha chini ya godoro, limeshaanza kulegea.

"Nililiweka la kesho," akasema. "Chukua wewe. Mimi kesho sitakosea."

Nililipokea kwa mikono miwili nikaenda nalo zizini. Mama alikuwa anakamua. Alifuta mkono kwenye kitenge, akalichukua, akalitazama, kisha akaniambia nishike ndoo.