Ukurasa wa Thelathini na Saba

Mama alirudi kutoka duka la kijiji na chumvi iliyofungwa ndani ya hesabu zangu.

Nilikuwa mlangoni nachambua maharage. Aliweka kifurushi juu ya ungo, nikaona kwenye pembe ya karatasi namba 21 ndani ya duara. Duara lile nililichora mwenyewe kwa kuzungushia kisoda. Chini yake mwandiko wangu, na juu ya mwandiko wangu vema za wino mwekundu. Niliifungua karatasi kwa pupa, chumvi ikamwagika kwenye maharage.

"Umerukwa na akili?" mama alifoka. "Unajua nimepanga foleni tangu asubuhi?"

"Mama, hili ni daftari langu la hisabati!"

"Basi leo limefanya kazi. Okota chumvi."

Sikuweza kuokota. Nilikuwa naikung'uta karatasi na kuigeuza upande wa pili.

Nilikuwa darasa la saba, Runazi, katika kijiji cha ujamaa ambako baba alituleta kutoka upande wa Mwanza. Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa na sheria moja: kazi ukurasa wa kushoto, masahihisho ukurasa wa kulia. Wenzangu waliona ni usumbufu. Mimi niliipenda, ingawa sikuwa mtoto wa kupenda sheria, kwa sababu makosa yangu yalipata mahali pake na niliweza kuyarudia. Nilipiga mistari kwa ubapa wa mwanzi, nikazipa kurasa namba, na kila nilipobaki na shaka niliandika swali chini ya masahihisho. Nilikuwa na shaka nyingi. Mwalimu alikuwa akinijibu kwa wino mwekundu, mstari mmoja au miwili.

Kisha nikaandika swali hili: tunapogawanya sehemu kwa sehemu, tunaambiwa tugeuze ya pili halafu tuzidishe. Nani aliamua? Na kwa nini nusu ukiigawanya kwa robo inakuwa mbili, wakati kitu kikigawanywa kinapungua?

Alisema swali hilo linataka utulivu, akaenda na daftari langu nyumbani kwake, alikoishi na mama yake. Kesho yake alfajiri lori la mgambo lilimchukua kwenda vitani. Alirudi, nisiwatie wasiwasi bure. Alirudi baada ya sisi kumaliza shule, amekonda, anachechemea. Ila siku ile ya chumvi hakuna aliyejua kama angerudi.

Mwalimu mkuu, aliyebeba vipindi vyake, alikuwa ametangaza kwamba Jumatatu atakagua madaftari. Asiye na daftari kamili, kazi na masahihisho, hafanyi mtihani wa majaribio. Na asiyefanya majaribio, jina lake haliendi wilayani. Siku ya chumvi ilikuwa Alhamisi.

Nilikimbia dukani kudai daftari langu. Muuzaji alinitazama kama mwendawazimu.

"Tangazo si mlilisikia? Mifuko hakuna, vita. Karatasi iliyokwisha kutumika iletwe dukani. Limeletwa, lina wino mwekundu. Kilichopigwa wino mwekundu kimekwisha."

"Kimekwisha kwa nani?"

"We binti, usinihoji. Nenda kaombe waliokula chumvi."

Na kweli hivyo ndivyo kijiji kizima kilivyoelewa. Wino mwekundu ulikuwa wa ofisi: ukishapita, shauri limefungwa. Hakuna aliyewaambia kwamba kwetu sisi wanafunzi ndipo kazi inapoanza.

Nyumba zetu zilipangwa kwa mistari, kama kurasa zangu. Nilipita mstari kwa mstari, Ijumaa na Jumamosi, nikipiga hodi na kuomba karatasi za chumvi. Nilizipata kwenye vibuyu, chini ya mitungi, moja imeziba tundu la dirisha. Mzee mmoja jirani yetu alikuwa ameshakata nusu ya ukurasa wa tisa, akasokotea tumbaku.

"Hesabu zako nzuri, mjukuu wangu," alisema. "Zinaungua polepole."

Hadi Jumapili nilikuwa na kurasa zote, nyingine zimechakaa kwa chumvi, wa tisa ukiwa nusu, isipokuwa karatasi moja: 37. Ndiyo iliyokuwa na swali langu. Muuzaji alipochoka nami alikiri: aliyelileta daftari aliomba abaki na karatasi moja. Nilipouliza ni nani, alinijibu, nami nikakaa chini palepale kwenye vumbi. Alikuwa mama yake mwalimu.

Nilikwenda na hasira. Nilimkuta anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimwambia shida yangu. Alinisikiliza, kisha alitoa karatasi ndani ya kitenge alichojifunga kiunoni. Hakujua kusoma. Alikuwa ametii tangazo, lakini alipofunua daftari aliona mahali ambapo mwandiko wa mwanawe ulikuwa mrefu kuliko kwingine, akabaki na karatasi hiyo.

"Hajaleta barua," alisema. "Huu ndio nilio nao. Anasemaje humo?"

Nilisoma kwa sauti: "Swali lako limenishinda. Sijui. Nilifundishwa nigeuze, nikageuza. Kesho naondoka. Nikirudi tutalitafuta pamoja."

Sijui! Mwalimu! Nilisoma tena nikidhani nimekosea. Mama yake alikuwa ameshika neno jingine.

"Amesema nikirudi?"

"Ndiyo, mama."

"Soma tena hapo."

Nilisoma mara tatu. Kisha akauliza ni swali gani hilo lililomshinda mwanawe, nikamweleza kuhusu nusu na robo. Akacheka hadi magunzi yakamwanguka.

"Nusu debe la mahindi ukilipima kwa robo debe, unapima mara ngapi?"

"Mara... mbili."

"Hilo ndilo mnalosomea miaka saba?"

"Lakini kwa nini tunageuza?"

"Hilo utamuuliza yeye akirudi."

Hapo ningeweza kuiomba karatasi. Ilikuwa yangu. Niliomba penseli badala yake, hakuwa nayo, nikarudi nyumbani kuchukua ya kwangu. Nikanakili yote, kazi, masahihisho, swali na jibu, nikamrudishia karatasi yake.

Jumatatu mwalimu mkuu alifunua kurasa zangu zinazonuka tumbaku. Akasimama kwenye 37.

"Hii ni penseli tupu. Nani amesahihisha?"

"Yenyewe iko kwa mama yake mwalimu. Hana mwandiko mwingine wa mwanawe."

Alisoma. Nilikuwa nasubiri fimbo.

"Ameandika sijui?"

"Ndiyo, mwalimu."

Alitazama nje, kuelekea barabara ya malori ya vitani. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akaweka vema kando ya neno lile, akaandika jina langu kwenye orodha ya mtihani.