Amina ya Somo Yake

Dobi na rafiki yake walibatizwa siku moja, na katekista, ambaye hakupenda kusumbuka na majina, akawapa wote wawili mtakatifu yuleyule. Tangu siku hiyo wakaitana somo. Walikua, wakaolewa, mmoja akawa mama wa ubatizo wa binti wa mwenzake, na bado ilikuwa somo huku, somo kule.

Enzi hizo hapakuwa na kanisa. Padri alifika kwa nadra, na misa ilisomwa ndani ya ghala la nafaka, panya wakihudhuria bila kualikwa. Aliyewatoa ghalani ni mume wa Dobi, fundi mwashi. Alipima uwanja kwa kamba, akawafundisha wanaume kufyatua matofali, na wanawake wakachota maji ya kukandia udongo. Mbwa wa jirani alipokanyaga matofali mabichi, fundi alikataa kuyatupa.

"Naye ametia sahihi," alisema, na matofali yale akayajenga pembeni mwa mlango. Watoto wa mafundisho wakazoea kutia vidole kwenye zile nyayo kabla ya kuingia.

Kigango kikakua, kikawa parokia. Kanisa kubwa likajengwa mbele, la madirisha ya vioo vya rangi, na lile dogo likabaki nyuma kwa ajili ya watoto. Fundi alipofariki aliagwa katika lile dogo. Mwenyewe alikuwa amesema hataki kuagwa kwenye nyumba asiyozijua kuta zake. Mjane wake akaendelea kufua na kupiga pasi vitambaa vya altare, kazi iliyompa jina la Dobi hata kwa wajukuu zake.

Kisha akaja paroko mpya, kijana mchapakazi. Aliona magari ya maharusi yanaziba barabara, akapendekeza kwenye kikao kwamba kanisa dogo libomolewe, pawe maegesho. Dobi akasimama.

"Baba, kama ni magari, yaegeshwe hata uani kwangu. Ile nyumba ilijengwa na watu, na wengine wao wamo humu wananisikiliza."

Watu walipiga makofi. Paroko akasema basi, litazungumzwa tena. Walipokuwa wakitoka, somo yake, ambaye sasa alikuwa mwenyekiti wa akina mama, alimshika bega.

"Umetusemea wote, somo."

Haikupita muda mrefu mwenyekiti akaja nyumbani na habari njema: akina mama wanakwenda hija, mmoja ameugua, nafasi yake ni ya Dobi. Dobi alitaja magoti yake, akataja nguo zilizolowekwa. Somo yake hakusikia. Alimpangia begi mwenyewe.

Na huko hija alimtunza kama yai. Alimbebea mzigo, akamkanda miguu, akamtafutia kitanda cha chini. Kwenye pango la Bikira Maria walipiga magoti bega kwa bega, na Dobi akaomba kwa sauti, kama alivyozoea: aliwaombea wanawe, akamwombea marehemu, akaomba lile kanisa dogo lisiguswe.

"Amina," akaitikia somo yake.

Basi liliporudi na kuingia uani mwa kanisa, akina mama waliokuwa wakiimba njia nzima walinyamaza mmoja mmoja. Dobi alidhani wamechoka. Akachungulia dirishani. Nyuma ya kanisa kubwa palikuwa na anga tupu. Matofali yalikuwa yameshapondwa na kushindiliwa, na gari la paroko lilikuwa limeegeshwa juu yake.

Hakulia. Alishuka, akapaangalia, kisha akawageukia wenzake. Wote walikuwa wakitazama viatu vyao. Ndipo alipoelewa kwamba basi zima lilijua.

"Ulijua?" alimwuliza somo yake.

"Nilitaka usione likianguka. Ungeumia."

"Nimekuuliza kama ulijua."

"Nilijua."

"Na pale pangoni uliitika amina."

Mwenyekiti alihangaika na kamba ya begi. "Ungebaki hapa ungekataa, na watu wangekusikiliza. Siku zote wanakusikiliza wewe. Mimi ndiye mwenyekiti, lakini wanakusikiliza wewe."

"Haya, Mwenyekiti," alisema Dobi. Halikuwa jina alilowahi kumwita. Akachukua begi lake mwenyewe, akaenda zake.

Paroko alikuja kumwona kesho yake. Alikaa ukingoni mwa kiti, na ilionekana wazi kwamba hakujua kosa lake.

"Mama, nasikia umekasirika. Mimi niliambiwa umeridhia, ila hutaki kushuhudia, ndiyo maana unapelekwa hija."

"Nani alikwambia?"

Paroko akanyamaza. Ukimya wake ulimuuma Dobi kuliko kubomolewa kwenyewe. Kuta angeweza kuzisamehe siku moja; kuta huzeeka. Lakini mtu wa utoto wake alikuwa amechukua kinywa chake na kukitumia kusema ndiyo.

"Kikulacho ki nguoni mwako, Baba," alisema. "Nami kazi yangu ni nguo, nilipaswa kukiona."

Watoto wa mafundisho walikosa pa kukaa. Ndani ya kanisa kubwa walifukuzwa kwa kelele. Dobi akawafungulia chumba chake cha pasi. Kila Jumamosi wanajipanga mikekani katikati ya vitambaa vilivyotundikwa, wanakariri sala, naye anapiga pasi na kuwasahihisha. Mwenyekiti hupita mara mojamoja kuwaangalia. Dobi humpa kiti na maji ya kunywa. Huulizana hali za watoto na mvua. Akishatoka, Dobi hurudia kunyoosha kitambaa ambacho alikuwa ameshamaliza kukinyoosha, na watoto wamejifunza kutomsemesha mpaka akikunje.