Jirani wa Kambale

Mwezi uliopita mwanangu alinikokota hadi duka moja hapa Lubumbashi linalouza samaki wa kufuga. Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani, alitoa simu akaanza kutusomea ni samaki gani wanaoweza kukaa na kambale mdogo na gani hawawezi. Nilicheka mpaka mwanangu akaona haya. Mambo hayo mimi nilifundishwa Kamina, kwa unyasi mmoja tu.

Unazijua nyumba za kambi ya reli, mbili mbili zilizoshikana ukuta? Baba alikuwa karani kituoni, na siku moja alileta sanduku la kioo la betri kubwa za zamani, zilizokuwa hazina kazi tena. Kambo, ndivyo tulivyomwita bibi yetu, alilisugua kwa majivu siku tatu. Yeye aliuza sokoni samaki wakavu wa kutoka Mulongo, kule mtoni, na katika mzigo mmoja alikuta kambale mdogo aliye hai, amefungwa ndani ya majani mabichi. Akanipa. Kambale ni mkaidi, hafi ovyo.

Jumapili moja mwalimu wetu kanisani akatuambia kwamba siku itafika mbwa-mwitu na mwana-kondoo watakaa pamoja. Nami nilikuwa mtoto wa kusikia. Nilivua vidagaa watatu kijitoni kwa kikapu, nikawatia ndani ya kioo, nikafumba macho nikaomba, tena ombi refu kama la baba. Nilipofumbua macho walikuwa wamebaki wawili. Kufikia chakula cha mchana hakuwepo hata mmoja, na kambale tumbo limemjaa. Nililia sana. Kambo alicheka hadi kitambaa kikamwanguka kichwani.

"Mutoto, samaki haisomake Biblia."

Kisha akachuma unyasi, akapima nao upana wa kinywa cha kambale. "Yenye inaingia hapa iko chakula. Yenye haiingie, njo jirani." Ndiye jirani, yaani. Akaleta perege mdogo mwenye mwili mpana. Lakini hakumtia vivi hivi. Kwanza alimtoa kambale, akahamisha mawe na vigae vyote ndani ya kioo, ndipo akawatia wote wawili kwa mara moja. Alisema ukimwachia wa kwanza nyumba yake kama ilivyokuwa, atamfukuza mgeni mpaka afe. Na kweli, wale wawili walikaa.

Halafu vita vikafika upande wa Mulongo. Watu wakaja kwa miguu na kwa baiskeli, ndege za jeshi zikawa zinashuka Base, uwanja wa jeshi wa pale Kamina, kila siku, na kwetu akaletwa msichana wa rika langu, mjukuu wa dada yake Kambo. Alikuja na mwanamke wa kijijini kwao. Wazazi wake hakuna aliyejua waliko. Akapewa nusu ya kitanda changu, kile cha dirishani, nilichokipenda kuliko kitu chochote. Nilichora mstari wa makaa sakafuni mbele ya kitanda nikamkataza kuuvuka. Naona haya kuyaandika haya, lakini ndivyo nilivyofanya.

Yeye hakubisha. Alichuchumaa mlangoni siku nzima, bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo vikipoa mbele yake. Siku ya tatu nilimsikia Kambo akimwambia baba, "Huyu mutoto atatufia." Nikaogopa, lakini mstari sikuufuta.

Kesho yake nilipotoka shule nilikuta chumba chetu chote kiko uani: kitanda, mikeka, sanduku la nguo, hata kioo cha samaki. Kambo alikuwa anapiga deki, na mstari wangu haukuwepo. Kisha akarudisha kila kitu mahali pengine. Kitanda akakiweka ukutani, kioo akakiweka dirishani. Akatushika mkono, mmoja huku na mmoja huku, akasema, "Mungie bote pamoja."

Nilikuwa nimekwisha kuelewa. Nilikasirika, nikataka kucheka, nikabaki nimeganda katikati ya chumba nisichokijua. Msichana alikwenda dirishani, akainama juu ya kioo.

"Hii kambale iko na njala," akasema. Tulikuwa hatujasikia sauti yake. "Tuende tutafute minyoo."

Tukaenda. Jioni ile alikula, na Kambo alijifanya hatazami. Usiku tukalala kitanda kimoja, mimi upande wa ukutani.

Alikaa kwetu misimu miwili ya mvua, mpaka baba yake alipotokea, amekonda lakini mzima, akamchukua. Nilimpa yule msichana kambale wangu. Kambo alimfunga katika majani mabichi, vilevile alivyokuja. Nililia kuliko nilivyowalilia wale vidagaa.

Baadaye Kambo alitaka kunirudishia kitanda dirishani. Nikakataa.

Kambo hayupo sasa. Nyumba ile wanakaa watu wengine, kioo sijui kiliishia wapi, na yule msichana, ndugu yangu, tangu barua yake ya mwisho, sijapata habari zake. Mume wangu hunitania kwamba kitanda chetu ni kikubwa, lakini hata akiwa safarini nalala pembeni kabisa, nimejibana ukutani. Namwambia ni mazoea tu. Ukweli ni kwamba bado namwachia mtu nafasi.