Kibati Kilisema Kweli

Nilipoanza kazi katika ofisi ya ukaguzi wa magari Jinja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mkuu wangu hakunionyesha kiti. Alinipa kipande cha msasa.

"Rangi inadanganya," alisema Afande Inspekta. "Chuma hakijui. Sugua."

Asubuhi nzima nilisugua fremu ya pikapu kuukuu mpaka namba ya chasisi ikaonekana. Namba hiyo hugongwa kiwandani. Ikifutwa na kugongwa upya, tarakimu hukaa ovyo kama meno ya mzee.

Magari yaliyotumika yalikuwa yakiingia kwa wingi kupitia Mombasa, na kila mnunuzi alikuwa na swali moja: ni la Japani? Jibu halikuwa rahisi. Gari lenye jina la Kijapani laweza kuwa limeundwa Afrika Kusini au Thailand, au limesafirishwa vipande vipande na kufungwa Kenya. Ukweli ulikuwa kwenye kibati, yaani bamba dogo linalotaja gari lilikoundwa, lililobanwa kwa ribiti, vipini vya chuma, chini ya boneti. Wajanja walijua hivyo. Waling'oa kibati cha gari lililokufa wakakipachika kwenye lingine. Nilijifunza kutofautisha ribiti za kiwandani na za fundi wa mtaani, na sifa zangu zikaenea. Watu walinifuata hadi nyumbani Walukuba.

Hajati Zamu alikuja ofisini. Alikuwa muuza vitambaa wa Namakwekwe, Mbale, na alikuwa amenunua basi dogo la abiria kwa mwagizaji mmoja wa Jinja. Kilichobaki ni saini yangu.

"Afande, sema tu. Japani ama si Japani?"

Nilifungua boneti. Kibati halisi, ribiti halisi, chasisi safi. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu.

"Japani, Hajati."

Alipiga kigelegele palepale, hata Afande Inspekta akatoka kuuliza nani ameolewa. Nikasaini.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Mbale. Siku moja ya mvua, kabla ya adhuhuri, nilikuwa nimejikinga barazani pa ofisi basi lile la Hajati lilipopita limejaa watu, likielekea Kapchorwa, mlimani. Dereva alikuwa ameinamia katikati kama anayemnong'oneza abiria. Waipa zilisafisha vizuri kioo cha upande wa abiria, lakini kona iliyo mbele yake yeye ilibaki na maji. Kiwandani waipa hupangwa zimhudumie dereva kwanza. Basi lile lilipoundwa, dereva wake alikaa kushoto.

Liliundwa Japani, ndiyo, lakini kwa nchi inayoendesha upande wa kulia. Baadaye mtu alikata dashibodi akahamisha usukani ili liuzike kwetu, tunakoendesha kushoto. Ukihamisha usukani, shafti yake, chuma kinachoteremka kugeuza magurudumu, haifiki tena. Huungwa kwa kuchomelewa. Kibati kilisema kweli, nami niliposikia kweli hiyo sikutazama kitu kingine.

Hakukuwa na simu ya kumfikia dereva mlimani. Nilimweleza mkuu wa kituo.

"Kaa chini, bwana. Limepanda mara ngapi hilo?"

Kupanda hakukunitisha. Kushuka ndiko kunakotesa usukani, kona baada ya kona, na mzigo unasukuma kutoka nyuma. Nilienda kusimama pale barabara ya mlimani inapoingia mjini. Lori la ndizi liliposhuka nililisimamisha nikauliza kama kuna gari limeanguka huko juu.

"Kwema, Afande. Kwani kuna nini?"

Nilimpungia mkono aendelee.

Basi lilifika jua likikaribia kuzama. Dereva, jina lake Wamono, alitoa kichwa dirishani akicheka. "Afande, usiniangalie hivyo! Hii iko inapanda kama mbuzi!"

"Shusha watu."

Nililala matopeni chini ya basi nikamwambia azungushe usukani. Pale palipochomelewa palikuwa na ufa. Ulifunguka na kufumbika kama mdomo, na ukucha wangu ulizama ndani.

Hajati aliitwa, akaja amekunja mikono kifuani. "Wewe mwenyewe ulisema Japani."

"Ni Japani."

"Sasa shida iko wapi?"

"Hukuniuliza usukani ulikuwa upande gani, Hajati. Na mimi sikujiuliza."

Nilimwonyesha. Alimtazama Wamono, ambaye alikuwa ameacha mzaha na kukaa chini kando ya barabara. "Huyu ni mume wa dada yangu," alisema polepole. Kisha akaning'olea vibao vya namba za gari kwa mkono wake, lisitembee tena, kabla sijamwagiza.

Mkuu wa kituo alinionea huruma. "Andika limeharibika njiani. Barabara ile huua kila kitu." Fomu ilikaa mezani siku mbili. Nilikuwa na watoto shuleni, na kazi nyingine sikuijua. Siku ya tatu niliandika kwamba nililipitisha bila kukagua usukani, na kwamba huenda lipo lingine kama hilo, hata mengi. Niliondolewa kwenye ukaguzi nikapelekwa stoo ya matairi, nikabaki huko hadi nilipostaafu.

Vijana huniuliza kama najuta kuandika. Hilo silijutii. Kinachonikosesha raha hapa nyumbani Mpumudde ni yale niliyoyapitisha kwa kusoma kibati tu. Tulipoweza, tuliita machache yakaguliwe upya. Mengine yalikwishauzwa tena, na sikuwahi kujua yalikoishia.

La Hajati lilifungwa shafti mpya, nzima, na mfumo wote wa usukani. Miaka ilipopita akataka kuliuza, alimleta mnunuzi kwangu. "Mzee, mwambie yote. Usimfiche."

Nilimwambia yote: lilikoundwa, lilivyokatwa, ufa, shafti mpya. Alisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo ni la Japani?"

"Ni la Japani."

Akashusha pumzi, akamgeukia Hajati kumuuliza kama redio inafanya kazi.